Miezi mitatu na wakala wa matangazo ya mitandaoni jijini Mwanza

Ninaendesha mgahawa mdogo wa samaki ufukweni Luchelele, wenye meza 14 na jiko moja la mkaa. Juni 2025, Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa na watu wa Sengerema wakaacha kusubiri kivuko, niliona huo ndio wakati wa kujitangaza, nikaingia mkataba wa miezi mitatu na wakala mmoja wa matangazo ya mitandao ya kijamii mwenye ofisi katikati ya jiji. Jina lake silitaji, kwa sababu nimezungumza na wenzangu watatu wenye nyumba za wageni na maduka ya vitenge na wote wamenisimulia mambo yanayofanana kuhusu mawakala wengine. Ninachotathmini hapa ni huduma yenyewe: tulichokilipia, tulichokipata, na namna kilivyopimwa.

Nianze na walichokifanya vizuri, nacho ni picha. Kijana aliyekuja na kamera hakupiga hata picha moja mchana. Alisubiri saa kumi na mbili kasoro, jua likiwa limeshukia majabali na maji yamegeuka rangi ya shaba, ndipo akaomba sato mmoja mzima awekwe kwenye sinia pamoja na ndizi, kachumbari na limao, akamweka juu ya jiwe badala ya meza. Video aliyoirekodi ilikuwa ya sekunde 22 tu, bila muziki na bila maneno: mpishi wangu anamgeuza samaki, mafuta yanadondokea makaa, moshi unapanda, basi. Niliitazama mara nyingi kuliko inavyompasa mwenye mali, na hadi leo wateja wananiuliza kama yule samaki wa kwenye video bado yupo. Kwa kazi hiyo peke yake sioni kosa lolote.

Matatizo yalianza ripoti ya mwezi wa kwanza ilipokuja. Ilikuwa na kurasa 14 za rangi, na kwenye jalada palikuwa na namba moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la mgahawa: 61,100. Nilifurahi, kwa sababu nilidhani ni watu, na nikaanza kuwaza nitawakalisha wapi. Ukurasa wa 11, kwa maandishi madogo, palikuwa na namba nyingine, 9,400, na nilipomuuliza kijana tofauti yake alinijibu kwa upole, "Mama, hiyo ya kwanza ni mara ambazo tangazo limeonekana, hii ya pili ndiyo watu." Kwa maneno mengine, watu 9,400 walionyeshwa tangazo lile lile kwa wastani wa mara sita na nusu kila mmoja. Namba zote mbili ni halali na mitandao yenyewe huzitoa zote mbili, na tangazo kurudiwa mara kadhaa si dhambi, maana mtu haamui kwenda kula samaki kwa kuona mara moja. Lakini wakala anayeijua tofauti hiyo kisha akaichagua ile kubwa kuiweka jalada, akijua mteja wake ataisoma kama idadi ya watu, anakuwa ametangaza biashara yake mwenyewe kwa fedha ya mteja.

Kwenye video hali ilikuwa hivyo hivyo. Ripoti ilisema video ilitazamwa mara 18,000. Kwa muda mrefu Facebook imehesabu sekunde 3 kuwa mtu ametazama, na sekunde 3 za video yetu hazifiki hata pale samaki anapogeuzwa. Mtu aliyekuwa akipitisha kidole tu, akachelewa kidogo kwa sababu bando linasuasua, naye yumo ndani ya hesabu. Kipo kipimo kingine kwenye mfumo huo huo kinachohesabu waliotazama angalau sekunde 15, na nilipokiomba namba ilishuka hadi 2,150. Wala wasiwasi huu si wa mama muuza samaki peke yake. Septemba 2016 Facebook yenyewe ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa imewapa watangazaji wastani wa muda wa kutazama uliokuzwa, kwa sababu kwenye kugawanya ilikuwa imewaacha nje wote walioondoka kabla ya sekunde 3. Ikiwa kampuni kubwa zenye wachambuzi wao zilizisoma hesabu hizo bila kushtuka, sikuona aibu kumwomba kijana wa Mwanza anieleze kila namba imepatikanaje.

Mwezi huo huo waliendesha shindano: fuata ukurasa, taja marafiki wawili, ushinde sinia la sato kwa watu wawili. Wafuasi walipanda kutoka 1,900 hadi 4,600 katika siku nane, na hilo likaandikwa kwenye ripoti kuwa mafanikio makubwa. Mshindi alipatikana, dada mmoja mchangamfu sana, mkazi wa Mbeya. Aliuliza kama sinia linaweza kupakiwa kwenye basi. Tulipofungua takwimu za ukurasa kuona wafuasi wanatoka miji gani, Dar es Salaam ilikuwa ya kwanza, Nairobi ya pili na Mwanza ya tatu, kwa sababu tangazo lililosukuma shindano lilikuwa limewekwa kwa nchi nzima na marafiki wa marafiki wakamalizia kazi. Sina ugomvi na watu wa Dar wala wa Nairobi, ila kwa mgahawa wenye meza 14 mfuasi ambaye hatafika Luchelele mwaka huu wala ujao ni pambo tu.

Hapo ndipo nilipoamua kupima kwa njia yangu. Agosti nzima tuliweka daftari la kawaida la mistari pale kaunta, na mhudumu akawa anauliza kila meza swali moja wakati wa kuleta maji ya kunawa: mmetujuaje? Jibu linawekwa kijiti kwenye safu yake. Kati ya meza 212 zilizoulizwa, nyingi zilikuwa za watu wa siku zote, wanachuo wa jirani na walioletwa na ndugu. Meza 31 zilitaja simu. Kati ya hizo, 8 zilisema ziliona tangazo letu la Instagram au Facebook, 4 hazikukumbuka waliona wapi, na 19 zilisema ziliona picha kwenye status ya WhatsApp ya mtu wanayemfahamu. Namba hiyo ya mwisho haikuwa popote katika kurasa 14 za ripoti, na isingeweza kuwapo, kwa sababu wakala haoni status za watu. Mteja anapiga picha sinia lake, anaiweka kwa marafiki zake, na kesho yake shemeji yake anakuja na familia. Tangazo hilo halina gharama na halina grafu. Baada ya kuona hivyo nilinunua taa mbili za kuning'iniza juu ya meza za nje ili picha za usiku zitoke vizuri, na naamini zile taa zimefanya kazi kuliko shindano.

Kwa haki ya wakala, mwezi wa tatu walinisikiliza. Niliwaomba tangazo lisionyeshwe nchi nzima bali ndani ya kilomita 40 kutoka mgahawani, umbali unaofika Misungwi na kuvuka maji hadi Sengerema, na liende Alhamisi hadi Jumamosi jioni peke yake, likiwa na kitufe cha kumpeleka mtu moja kwa moja kwenye WhatsApp yetu. Kijana alinionya kwamba namba zitashuka, na kweli zilishuka: mara za kuonekana zikawa 22,000, na gharama ya kila mara elfu moja za tangazo kuonekana ikapanda, kwa kuwa tulikuwa tunagombea watu wachache zaidi. Ukiisoma ripoti ya Septemba bila daftari utasema kazi imeharibika. Kwenye daftari, meza zilizotaja tangazo zilitoka 8 hadi 27.

Zingekuwa zaidi kama si uzembe wetu, na hili siwezi kuwabebesha wao. Ijumaa ya kwanza ujumbe 17 uliingia kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku, huku simu ya mgahawa ikiwa droo ya kaunta, inachajiwa chini ya bili. Niliijibu yote Jumamosi asubuhi. Mmoja akanirudishia, "Asante mama, tulishakula kuku." WhatsApp Business imekuwapo tangu 2018 na inaweza kujibu salamu yenyewe na kuonyesha bei kabla mtu hajaugusa mlango, wakala aliiweka kwa nusu saa nilipoomba, ingawa nadhani mtu unayemlipa kwa kazi hiyo hapaswi kungoja aombwe.

Kuhusu fedha, nililipa shilingi 350,000 kwa mwezi kama ada yao na 150,000 za matangazo, ambazo zilikatwa kupitia kadi ya wakala. Miezi miwili ya kwanza sikuonyeshwa risiti ya kilichokwenda kwa Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, na kilichobaki. Mwezi wa tatu nilioneshwa, na ilikuwa 131,000. Tofauti ni ndogo na walinieleza kwamba ni gharama za kubadili fedha. Laiti ingekuwa imeandikwa kwenye mkataba nisingeigusa. Lililoniudhi zaidi ni ukurasa wenyewe. Waliufungua chini ya akaunti yao ya biashara wakaniingiza mimi kama mhariri, nami sikujua kwamba mhariri si mwenye nyumba hadi mkataba ulipokwisha nikataka kumwondoa kijana wao. Ilichukua siku tisa na simu nyingi kupata umiliki wa ukurasa wenye jina langu, anwani yangu na sato wangu. Yeyote anayefikiria huduma ya namna hii afungue ukurasa kwa simu yake mwenyewe kwanza, kisha awape wao ruhusa ya kufanyia kazi.

Dogo lingine: mara moja walirusha picha ya meza yenye wageni bila kuwauliza, na bwana mmoja akanifuata akiwa amebadilika uso, akitaka iondolewe kabla nyumbani hawajaiona. Iliondolewa ndani ya dakika kumi, na sikuuliza zaidi. Ila Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na wakala anayepiga picha za wateja wa watu anapaswa kuijua kuliko mimi.

Kwa upigaji picha ningewapa nyota tano bila kusita. Kwa kuelekeza matangazo, nyota tatu, kwa sababu walijifunza. Kwa ripoti, nyota moja. Wiki iliyopita wameniletea mkataba mpya wa miezi sita, unaoahidi "kuonekana mara 100,000 kila mwezi". Nimeukata mstari huo kwa kalamu, nikaandika juu yake "meza 40 kwa mwezi kutoka ndani ya kilomita 40, kwa hesabu ya daftari la kaunta", nikawarudishia. Kijana alicheka aliposoma, akasema atampelekea mkurugenzi wake, na hadi ninapoandika haya sijapigiwa simu.