Gari la kukodi Tabora mpaka Ujiji: bei safi, spea ya mapambo

Naanza na tairi ya spea maana ndo imeniuma kuliko vyote. Tulikodi gari hapa Tabora mjini, Toyota IST ya bluu iliyokolea, 70,000 kwa siku bila mafuta, mnaendesha wenyewe, dipoziti 200,000 mnarudishiwa gari likirudi salama. Mwenye gari simtaji jina, ni mtu ana magari yake kadhaa anakodisha, mdomo wake asali ya Tabora kabisa, dada zangu hivi dada zangu vile, akafungua buti akatuonyesha jeki, wili spana, pembe tatu ya hatari, na spea imelala pale inang'aa. Mimi nikaangalia tu kwa macho nikasema sawa. Besti yangu aliyekuja na basi kutoka Mwanza yeye alikuwa bize anaandika kilomita kwenye daftari, huyu dada anaandika mpaka hela ya maji, na ndo sababu safari zetu huwa hazituachii madeni.

Mpango ulikuwa siku tatu: asubuhi ya kwanza Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone, tuchape mwendo Kigoma, siku ya pili Ujiji na Kigoma mjini, ya tatu turudi. Yaani tufate njia ya misafara ya zamani ila kwa petroli.

Kwihara bana, nimekaa Tabora miaka sita sijawahi kufika na ni hapo tu nje ya mji. Kipande cha mwisho ni mchanga na IST iko chini ukiingia vibaya inakwangua tumbo, nendeni taratibu. Tembe lenyewe ni jengo jekundu la udongo, kuta nene, paa la bapa, mlango wa mbao wa kuchonga kama ya pwani, na ukiingia ndani jua lote linabaki nje, ubaridi unakushika mpaka unajiuliza sisi na mabati yetu tuliyatolea wapi. Tulilipa kiingilio cha wazalendo. Mzee anayetembeza wageni tulimpa shikamoo akatuita wajukuu zake, akatupitisha chumba hadi chumba bila haraka.

Shuleni walitumezesha ule mwaka tu wa mwandishi Stanley kukutana na mmisionari Livingstone, 1871, Ujiji, basi. Kumbe baada ya pale walikuja wote wawili huku Kwihara mwanzoni mwa 1872, Stanley akaondoka Machi kuelekea pwani, Livingstone akabaki miezi anasubiri wapagazi ambao mwenzie aliahidi kumtumia, walipofika akaondoka Agosti. Mwaka uliofuata akafia kule ambako leo ni Zambia, na watumishi wake akina Susi na Chuma walivyobeba maiti yake mpaka Bagamoyo walipita tena Unyanyembe, yaani hukuhuku. Mzee alivyosema "akarudi hapahapa, ila amebebwa" besti akaacha kuandika. Tulikaa kama lisaa. Kwa hela ile sijui sehemu nyingine mkoa huu unayoweza kupata kitu kama hicho.

Mjini tulipita harakaharaka. Boma la Wajerumani tuliangalia kwa nje bila kutoa simu, shule ya Tabora Boys aliyosoma Nyerere tuliipita tu. Ila stesheni nilisimama maana nilitaka kumwambia besti habari ya ile sarafu ya dhahabu ya mwaka 1916, Wajerumani vita imewabana hawana pesa wakatengeneza sarafu zao hukuhuku Tabora kwenye karakana ya reli, ina picha ya tembo. Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji. Besti akauliza moja inauzwaje sasa hivi, nikamwambia kodi gari kwanza ya dhahabu baadae.

Saa tano tukatoka. Tabora mpaka Urambo lami, raha tupu, gari linavuta vizuri na mafuta linakula kidogo, hapo nampa mwenye gari haki yake. Urambo tulikunywa chai ya maziwa na chapati na nikacheka peke yangu, maana mwaka 1871 njia hii ilikuwa imefungwa na mtemi Mirambo, Stanley aliingia vitani upande wa Waarabu wakachezea kichapo, ikabidi azungukie kusini ndo afike Ujiji. Sisi tumepita katikati ya himaya ya mtemi tunadaiwa chai tu.

Sasa. Tumepita Kaliua, mbele tukakuta kipande cha vumbi na kokoto, kabla ya Nguruka tairi la nyuma kushoto likashuka. Hatukupaniki, jeki si ipo, nikafungua nati zote nikatoa spea nikaiweka chini ikalala kama chapati. Haina upepo hata wa kusingiziwa. Nimeibonyeza kwa kidole gumba ikaingia. Nikampigia mwenye gari mtandao unakuja unaondoka, mwishowe nikamsikia "aah dada yangu, hiyo si ya kujaza tu upepo hapo!" Hapo wapi kaka, huku ni miombo pande zote na kuna ngedere wanatuangalia.

Na mbung'o. Wale wadudu wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndo maana mitego yao inashonwa vitambaa vya bluu, halafu sisi tumepaki gari la bluu katikati ya pori lao. Walikuja wanajipanga kwenye boneti kama wanasubiri zamu ya kukodi. Mmoja alining'ata juu ya goti kupita kwenye jinzi, jinzi nzito, nikaruka. Besti alijifunika khanga gubigubi akakaa ndani madirisha juu, joto linamuua. Alipita kijana wa bodaboda akafunga tairi zote mbili nyuma kwa mpira, kwenda Nguruka na kurudi 10,000, fundi pancha akachukua 3,000 kwa kuziba na 1,000 kujaza spea. Masaa mawili na nusu yamekwenda. Yule dogo angekuwa anakodisha magari ningempa nyota zote.

Uvinza tulinunua chumvi maana huwezi kupita Uvinza bila chumvi, maji ya chumvi yanatoka ardhini pale na watu wamekuwa wakitengeneza na kuuza toka enzi hata hao wazungu hawajafika. Mbele lami tena, Kigoma tukaingia saa tatu usiku tumekuwa rangi moja na barabara.

Siku ya pili ndo nikajua tumekosea hesabu. Gari lilipaki karibu siku nzima. Kigoma mjini ukishuka barabara kuu unaishia stesheni, jengo la Mjerumani lenye matao, reli ilifika hapo 1914 na ndo mwisho wa reli kwelikweli, mbele ni ziwa. Unatembea kwa miguu. Ujiji daladala zipo, bajaji zipo, na tungelipa hela ndogo sana badala ya kulilipia gari 70,000 likae kivulini. Makumbusho ya Ujiji ni madogo, sanamu ya Stanley na ya Livingstone wanasalimiana, nje mnara wa jiwe na miembe inayosemekana imetokana na ule wa siku ile. Kwihara imeizidi kwa mbali, nasema ukweli. Kilichonigusa ni maji kuwa mbali, enzi hizo ziwa lilikuwa linafika karibu na hapo, sasa hivi kuliona lenyewe inabidi utembee.

Jioni ufukweni tukala mgebuka wa kukaanga na ugali, tunaangalia bandari ilipounganishwa Liemba. Ile meli ililetwa vipandevipande kwenye makreti kutoka Ujerumani, ikaingia majini 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha kwa makusudi isitekwe, Waingereza wakaja kuiibua 1924 na ikarudi kazini 1927. Besti akasema meli imekaa chini ya maji miaka nane imefufuka, spea yetu imekaa kwenye buti imekufa.

Hesabu yote: gari 210,000, mafuta 215,000, gawa kwa mbili. Chukueni gari siku moja tu kwa ajili ya Kwihara na mjini, Kigoma pandeni treni au basi, labda kama mnataka kusimama Urambo na Uvinza kama sisi.

Kurudisha gari, mwenye gari akalizunguka mara mbili, akaona mchubuko kwenye bampa ya mbele. Tukamtolea picha tuliyopiga Kwihara asubuhi ya kwanza, gari liko nyuma yetu na mchubuko unaonekana. Akasema hata hapo mlikuwa mshatoka nalo. Tukabishana mpaka chai ikaletwa, akakata 30,000, hela ya pancha akagoma kurudisha. Nimempa nyota tatu, gari ni zima na bei ni nzuri, hizo mbili akajaze upepo.

Ila na mimi niwe mkweli, dumu la mawese tulilonunua Kigoma lilivuja kwenye buti, chini ya kapeti kuna doa la chungwa kubwa kama sahani. Spea imelala juu yake na hakuinyanyua kuangalia.