Uzoefu wangu wa kufunga turbo kwenye Land Cruiser ya 1HZ mjini Bukavu

Gari langu ni Toyota Land Cruiser HZJ78 lenye injini ya 1HZ, ile ya dizeli yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, ambayo hutoka kiwandani bila turbo. Ni gari la kazi: hubeba abiria na mizigo kati ya miji ya Bukavu na Uvira, mashariki mwa Kongo, na mara nyingine huelekea Bunyakiri kupitia Miti na msitu wa Kahuzi-Biega. Miaka michache iliyopita nililifungia turbo, na tangu hapo wenye magari ya aina hiyo hawaachi kuniuliza nilitumia kiasi gani na kama nimeridhika. Nimeridhika, na kama ningekuwa na gari la pili la aina hiyo ningelifungia pia. Hata hivyo fedha zilizonitoka zilizidi mara mbili bei ya turbo yenyewe, na nafuu niliyoipata inatokana na jambo moja: niliitaka turbo inirudishie hewa ambayo milima yetu inainyima injini, wala sikuitaka iligeuze gari la mizigo kuwa gari la mbio.

Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika mita 773. Anayetoka Uvira kuja Bukavu hana budi kupanda karibu mita 700, na sehemu ngumu ya kupanda huko iko kati ya Kamanyola na Nyangezi, kwenye mlima wa Ngomo, ambako barabara ni nyembamba na kona zake ni kali, na ukikutana na lori mmoja wenu hulazimika kurudi nyuma. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Kiwandani 1HZ huhesabiwa kilowati 96, lakini hicho ni kipimo cha usawa wa bahari. Hapa kwetu hubaki kilowati 80 na kitu. Pampu ya dizeli isiyo na kifaa cha kufidia mwinuko haitambui kwamba hewa imepungua. Huendelea kusukuma dizeli ile ile, na dizeli isiyopata hewa ya kutosha hutoka ikiwa moshi mweusi, ule tunaouona kila siku nyuma ya magari yaliyojaa mizigo.

Turbo hulishughulikia tatizo hilo hilo. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo lenye mapezi, nalo, kwa mhimili mmoja, huzungusha gurudumu jingine linaloshindilia hewa safi ndani ya silinda. Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza fikra hiyo mwaka 1905, na mwaka 1918 mhandisi Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege ya aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, katika jimbo la Colorado, yapata mita 4,300, ili athibitishe kwamba turbo huirudishia injini nguvu inazozipoteza mlimani. Nawakumbusha hilo wale wanaodhani kwamba turbo ni pambo la vijana. Ilipelekwa milimani tangu mwanzo.

Kuna hesabu moja ambayo sikumsikia muuzaji yeyote akiieleza, nami naiona ni ya lazima kwa mtu wa Bukavu au Goma. Kipimo cha shinikizo kinachofungwa kwenye dashibodi huonyesha tofauti kati ya hewa iliyoshindiliwa na hewa ya nje. Kule Moanda, kando ya bahari, hewa ya nje ina shinikizo la karibu bar 1. Bukavu ni takriban bar 0.85. Turbo ikirekebishwa itoe bar 0.5, injini ya Moanda hupata jumla ya bar 1.5, na ya Bukavu hupata 1.35. Kwa hiyo sehemu ya kwanza, yaani ile 0.15, hulipa deni la mwinuko tu, na ziada halisi ni ile inayobaki. Wakati huo huo turbo ya Bukavu imeizidisha hewa ya nje karibu mara 1.6, ilhali ya Moanda imeizidisha mara 1.5, ingawa mishale ya vipimo vyao iko mahali pamoja. Ya kwetu hufanya kazi kubwa zaidi na hewa yake hutoka ikiwa na joto zaidi. Hata siku ambayo nje ni digrii 25, hewa hiyo inaweza kuingia kwenye injini ikiwa na digrii 80. Kwa sababu hiyo nilikataa kabisa ushauri wa kuikaza hadi bar 1, ingawa waliokuwa wakinishauri waliniambia kwamba gari "litaruka".

Sababu nyingine ya kukataa ni injini yenyewe. Mbano wa 1HZ, yaani kiasi ambacho hewa hubanwa ndani ya silinda, unazidi 22 kwa 1, na dizeli yake huanza kuungua ndani ya chumba kidogo kilichochimbwa kwenye silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, kabla ya moto kutokea juu ya pistoni. Ndugu yake 1HD-T, ambayo Toyota iliitoa mwaka 1990 ikiwa na turbo tayari, ina mbano wa 18.6 kwa 1, na dizeli yake hunyunyizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Mtu akiichukua 1HZ na kuilazimisha ifanye kazi ya 1HD-T, joto hujikusanya kwenye vile vyumba vidogo, vikapata nyufa, na baada ya hapo unatafuta silinda hedi nzima. Ndiyo maana kabla sijaagiza turbo nilinunua kipimajoto cha moshi. Kihisi chake kilifungwa kwenye manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, kabla ya turbo, kwa sababu moshi ukishapita kwenye turbo huwa umepoa sana, na namba unayoisoma hapo haikuelezi hali ya ndani ya injini.

Sasa nije kwenye fedha. Turbo mpya pamoja na manifoldi yake na mabomba niliinunua Dubai kwa dola 2,300. Usafiri na forodha vilichukua dola 600. Vipimo viwili, cha joto na cha shinikizo, vilikuwa dola 180. Bomba la moshi la inchi 3 kutoka kwenye turbo hadi nyuma lilitengenezwa hapa hapa mjini kwa dola 250, kwani bomba la kiwandani ni jembamba na lingeuzuia moshi usitoke upesi. Pampu ya dizeli na nozeli nilizipeleka Kigali, kwa fundi mwenye benchi la kupimia, akanitoza dola 450, na hiyo naihesabu kuwa fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote, maana pampu inayorekebishwa kwa kusikiliza sauti na kuangalia rangi ya moshi ni hatari kubwa kwa injini yenye turbo. Klachi ngumu zaidi iligharimu dola 380, kuvua rejeta na kuibadilishia moyo dola 220, oili, filta na gasketi dola 150, na kazi ya gereji dola 400. Jumla ni dola 4,930. Anayekuja na dola 2,300 mfukoni akidhani amemaliza, atalazimika ama kuliegesha gari katikati ya kazi, ama kuliendesha bila vipimo na bila klachi, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kuhusu kununua, nashauri kumwuliza muuzaji kwa maandishi kama vifaa vimetengenezwa kwa gari lenye usukani kushoto. Vifaa vingi vya 1HZ hutengenezwa Australia, ambako usukani uko kulia, na si kila bomba litapita mahali pale pale kwenye gari la Kongo. Turbo kuukuu zilizotolewa kwenye injini nyingine zinapatikana kwa bei ya chini sana, lakini huwezi kujua mhimili wake umelika kiasi gani mpaka uufungue, nami sikuona busara ya kujaribu.

Ufungaji ndio ulioniudhi. Gereji ya kwanza ilifanya kazi safi upande wa hewa na upande wa moshi, lakini bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo hadi kwenye sampu, yaani chombo cha oili chini ya injini, walilipitisha kwa mzunguko, likawa na mkunjo unaopanda kidogo kabla ya kushuka. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao huelea juu ya utando mwembamba wa oili inayoingia kwa nguvu ya pampu. Inapotoka haisukumwi na kitu chochote, hutiririka kwa uzito wake tu. Ikikuta mkunjo hujaa, na ikijaa hupenya kwenye sili zinazoizuia isivuje. Nililiona hilo kwa macho nilipofungua mpira wa kupitisha hewa baada ya siku chache: ndani kulikuwa na oili nyeusi iliyolowanisha ukuta mzima, na nyuma ya gari kulikuwa na moshi wa buluu kila asubuhi. Gereji ilinijibu kwamba turbo niliyonunua ni mbovu. Nilimwita fundi mzee wa Kadutu, hapa Bukavu, akalala chini ya gari na tochi, akaligusa bomba lile kwa bisibisi, akasema, "Papa, turbo yako ni nzima. Oili yako haina njia ya kwenda nyumbani." Alitengeneza bomba jingine, nene na lililonyooka kuelekea chini, na moshi wa buluu ukakoma. Walionifungia walikataa kurudisha hata faranga moja.

Changamoto iliyofuata ilikuwa dereva. Ni kijana mwaminifu na anaijua barabara ya Uvira kona kwa kona, lakini alizoea injini isiyo na turbo, ambayo mlimani unaikanyagia mafuta hadi mwisho na kungoja. Nilikaa kando yake kwenye Ngomo, gari likiwa limejaa, nikiangalia mshale wa joto. Akiwa gia ya tatu, mzunguko wa injini ukiwa chini na mguu wake ukiwa sakafuni, mshale ulivuka digrii 600 ukaendelea kupanda kuelekea 700, mstari ambao nimeamua usivukwe. Nilimwambia ashushe gia. "Patron, gari ina nguvu bado, nishushe kwa nini?" Alishusha. Injini ikazunguka haraka zaidi, hewa ikaongezeka, na kabla hatujafika kona iliyofuata mshale ulikuwa umerudi chini ya 600, ilhali mwendo wetu ulikuwa karibu ule ule. Tangu siku hiyo huuangalia mshale huo kuliko anavyouangalia ule wa mwendo, na hilo limeilinda injini kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Jambo jingine ambalo alilazimika kulizoea ni kutozima injini ghafla. Ukifika juu ya mlima ukazima papo hapo kwenye bariyeri, yaani kizuizi cha barabarani, oili iliyobaki ndani ya turbo yenye moto huungua na kuganda kama masizi kwenye mhimili. Tunaiacha injini izunguke taratibu dakika mbili au tatu ndipo tunazima. Abiria hunung'unika, hasa wakati wa kiangazi ambapo vumbi linaingia kila mahali, nami ninawaelewa, lakini sijaliruhusu lipuuzwe.

Matokeo ninayoyaona ni haya. Kwenye Ngomo, gari lililokuwa likipanda kwa gia ya kwanza na ya pili sasa hupanda kwa ya pili na ya tatu, bila moshi mweusi. Kwenye tambarare ya Ruzizi, kutoka Kamanyola hadi Uvira kupitia Luvungi na Sange, tofauti ni ndogo, kwa sababu barabara yenyewe hairuhusu mwendo mkubwa. Dizeli haikupungua sana kama nilivyoahidiwa: ni nafuu kidogo mlimani kwa mzigo ule ule, na karibu sawa kwingineko. Anayefunga turbo ili aokoe mafuta asitarajie kuzirudisha dola 4,930 kwa njia hiyo. Kilichonirudishia fedha ni kwamba gari hufika mapema na halichemki tena njiani likiwa limejaa.

Wenye magari madogo ya petroli, RAV4 na mengineyo, nawajibu kwa ufupi kwamba wasijaribu. Injini ya petroli iliyoundwa bila turbo hugonga ikishindiliwa hewa, yaani petroli hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, na hulazimu kubadilisha programu ya kompyuta yake, injekta, na mara nyingi hata pistoni. Petroli inayonunuliwa kwenye vidumu kwa makadhafi, yaani wachuuzi wa mafuta wa barabarani, ambayo huwezi kuthibitisha imechanganywa na nini, huzidisha hatari hiyo.

Hata kwa dizeli, matunzo yameongezeka gharama. Oili ya 15W-40 ninaibadilisha kila kilomita 5,000 bila kuchelewa, na ninainunua ikiwa kwenye kopo lililofungwa, sikubali ya kumiminiwa. Filta ya dizeli hubadilishwa kila oili inapobadilishwa, na maji kwenye kitenganishi cha maji na dizeli humwagwa kila wiki. Mipira ya hewa kati ya filta na turbo hukaguliwa kwa mkono kila gari linaporudi kutoka Uvira, kwa sababu tundu dogo tu linaloingiza vumbi la Ruzizi hula mapezi ya turbo kama msasa. Kilichobaki sasa ni kuongeza kipoza hewa kati ya turbo na injini, ili zile digrii 80 zishuke. Bei niliyopewa ni dola 700 pamoja na mabomba, na nafasi yake mbele ya rejeta nimekwisha kuipima.