Gari la stima la mtumba: nunua betri, gari ni nyongeza

Mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu kwenye yadi moja hapa Mombasa kuangalia Nissan Leaf ya 2013. Rangi ilikuwa ikimeremeta, viti visafi, na kwenye dashibodi vijisanduku vyote 12 vya afya ya betri vilikuwa vimewaka. "Ami, betri hii kama mpya," muuzaji akaniambia. Tukaomba kulijaribu. Tulitoka Nyali na asilimia 90, tukaenda Mtwapa na kurudi, kilomita 26, AC ikiwa imewashwa. Tuliporudi ilisoma 58. Piga hesabu: chaji nzima ingetufikisha kilomita 80 hivi, ilhali lilipokuwa jipya lilipita 115.

Vijisanduku hivyo huweza kurudishwa 12 kwa kompyuta. Ni ujanja wa zamani kwa Leaf za kwanza. Kwa hiyo nenda na kidude cha OBD, kile kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, na programu ya Leaf Spy kwenye simu inayoonyesha namba za afya ya betri, lakini usiiamini peke yake, kwa sababu betri ikishachezewa hata namba hizo hupanda kwa muda. Barabara ndiyo haidanganyi. Kilomita zilizosomwa na mita pia si kitu. Gari lililolala miaka juani laweza kuwa na betri mbovu kuliko lililotembea sana, maana Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji, na joto la pwani mnalijua.

Wengine wanadhani betri ikichoka gari limekufa. Hapana, linafupisha safari tu. Kilomita 80 zamtosha mtu wa Bamburi anayefanya kazi mjini. Binamu aliliacha kwa sababu ya bei: lilikuwa likiuzwa kama gari lenye betri nzima.

Na hili wanalosema watu, kwamba gari la stima "halina sevisi", lina nusu ya ukweli. Oili ya injini hutabadilisha, lakini tairi, bushi na breki ziko palepale. Kuna na betri ndogo ya volti 12 ambayo wengi huisahau. Ikifa, gari lenye chaji ya asilimia 100 halitawaka, nawe utaita breki-dauni bure. Mvua isikutie hofu. Betri kubwa imefungwa isipenye maji.

Mimi ningeyapanga magari ya kununua hivi, la kwanza ndilo bora:

1. Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40, ya 2018 kuendelea. Yuniti 40 za tokeni zinakupa zaidi ya kilomita 200 za kweli ikiwa betri ni nzima. Mafundi wanaanza kuizoea. Mfuko ukiruhusu, kuna ya 62, iliyotoka 2019.

2. Mitsubishi Outlander PHEV, yaani ya petroli na stima ya kuchomeka. Kwa anayekwenda Voi au Nairobi kila mara. Stima ya zile za kabla ya 2021 ni ya kilomita 35 hadi 40 tu, kisha petroli inashika.

3. BMW i3. Betri yake inapozwa, jambo linalonivutia kwa joto letu. Ila tairi zake ni nyembamba na za inchi 19. Pasua moja Mariakani uone utaipata wapi.

4. Leaf za kilowati-saa 24 na 30. Kwa sheria ya Kenya inayozuia kuingiza gari lililozidi miaka minane, haziingii tena bandarini, kwa hiyo utakayoiona ishaumia joto la hapa. Chukua tu ikiwa bei imekubali ukweli huo.

Nissan Note e-Power sijaiweka, na nimechoka kuulizwa kama nayo si gari la stima. Magurudumu yanasukumwa na mota, ni kweli, lakini haina mahali pa kuchomeka waya. Injini yake ya petroli ndiyo inayotengeneza stima. Ukinunua hiyo, bado wewe ni mteja wa kituo cha mafuta.

Ukitaka chaji ya haraka njiani, hakikisha chaja ina kichwa cha CHAdeMO, aina ya plagi ya Kijapani, kwani Leaf ya Japani haikubali kingine. Nyumbani, kwa kilowati 3, Leaf ya 40 iliyokauka itachukua usiku mzima na saa kadhaa za asubuhi. Itafutie fundi wa stima akuvutie waya wake peke yake, si ekstensheni ya pasi.

Binamu aliishia kuchukua ya 2018. Gari halijamsumbua. Ugomvi wake sasa ni na mwenye nyumba, juu ya waya unaoshuka dirishani kutoka ghorofa ya pili.