Loda kwenye Massey Ferguson 135: uzoefu wangu hapa Bweyale, Uganda

Trekta yetu ni Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, aina iliyoanza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Nguvu zake ni farasi 45 hivi. Miaka yote ilikuwa ya kulima mahindi na kuvuta tela, mpaka tulipoifungia mbele loda ya mtumba, yaani mikono ya chuma yenye kijiko kikubwa cha kuzoa na kunyanyua mzigo. Kwa samadi, pumba na mchanga uliolegea, naisifu bila kusita: tela lililokuwa likiwachosha vijana kwa makoleo asubuhi nzima, sasa linajaa mapema na wao wanaenda kupalilia.

Loda yenyewe ni ya kizamani. Kijiko hakina silinda ya kukiinamisha. Unavuta kamba, komeo linafyatuka, mzigo wote unamwagika kwa mpigo. Ukikilaza chini na kurudi nyuma kidogo, kinajifunga tena.

Kunyanyua ni taratibu, kwa sababu pampu ya haidroliki, inayosukuma oili ya kunyanyulia, imo ndani ya trekta, chini ya kiti, na haikuundwa kwa kazi hii. Inazungushwa na shafti ya kuendeshea mashine za nyuma. Yetu ina klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu, trekta inasimama na pampu inaendelea; ukikanyaga mpaka mwisho, kijiko kinagoma hapo hapo kilipo. Dereva mgeni hudhani loda imeharibika. Tena oili ya haidroliki ndiyo hiyo hiyo ya giya, kwa hiyo silinda za loda zikijaa, ile ya ndani ya giya inapungua. Lazima uipime mara kwa mara.

Lakini jambo ambalo ningependa kila mwenye trekta kama hii alijue ni uzito wa nyuma. Kijiko kiko mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo kikijaa, ekseli hiyo inakuwa egemeo na matairi makubwa yanaanza kuelea. Matairi hayo ndiyo yanayosukuma, na ndiyo pekee yenye breki. Nimeiona yetu ikiteremka kwenye ukingo wa shamba na samadi mbichi, breki zimekanyagwa, matairi ya nyuma yanaburuzika tu kwenye nyasi. Tangu hapo haifanyi kazi bila pipa la zege nyuma, na matairi ya nyuma tumeyajaza maji robo tatu. Hapa kwetu maji hayagandi, basi maji matupu yanatosha. Kijiko kitembee chini, karibu na magoti, hasa kwenye mteremko. Ekseli ya mbele inacheza kwenye pini moja ya katikati, na mzigo ukiwa juu trekta inapinduka ubavu upesi sana. Yetu haina hata fremu ya kumkinga dereva.

Usukani ni mzito, maana hauna msaada wa haidroliki. Uzungushe trekta ikiwa inatembea, la sivyo unaumiza mikono na kumaliza bushi. Grisi kila asubuhi. Spea za 135 bado zinapatikana soko la spea la Kisekka, Kampala, na hilo ndilo linaloniweka na trekta hii.

Muuzaji alituhakikishia itachimba hata kichuguu. Haichimbi. Ukiisukuma kwenye udongo mgumu, mikono ya loda inapinda na klachi inaungua. Udongo wa matofali tunaulegeza kwanza kwa jembe la trekta, ndipo loda inazoa.

Ukienda kukagua loda ya mtumba, mwambie mwenyewe anyanyue kijiko chenye mzigo, azime injini, nanyi msimame mbali mkitazama. Kikishuka upesi, sili za silinda au valvu zimechoka. Mipira ya oili ipitishie kipande cha boksi kutafuta uvujaji, kamwe usiipapase kwa mkono; oili yenye presha inatoboa ngozi.