Niliukatia udi wangu tiketi, wakautia kwenye buti

Wakala wa basi la Dar es Salaam kwenda Mombasa alinikatia tiketi mbili, moja kwa jina langu na nyingine akaiandika "udi", yaani ala yangu ya muziki yenye nyuzi, kwa kalamu ya buluu, nami nikalipa nauli kamili ya viti vyote viwili bila kuomba punguzo. Kabla hatujafika Tanga kiti cha pili kilikuwa na mtu mwingine, na udi wangu ulikuwa chini ya basi pamoja na magunia. Hilo ndilo ninaloliandikia, na ndilo linalonifanya niseme mapema kwamba sitaki kulipanda tena basi la kampuni hiyo, ingawa huko mbele nitaeleza kwa nini nimeshindwa kuushikilia uamuzi huo kama nilivyotaka. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu malalamiko yangu yako mezani kwao kwa maandishi na bado nasubiri jibu la maana. Habari za kiyoyozi, upana wa viti na sehemu za kuchajia simu mtu anaweza kumuuliza wakala yeyote.

Mimi hupiga udi na kuimba peke yangu. Sina bendi, sina fundi mitambo, na mara nyingi sina hata kipaza sauti, kwa kuwa sehemu ninazoalikwa ni ndogo: ua wa nyumba, ukumbi wa juu wa hoteli yenye vyumba vichache, baraza iliyotandikwa mikeka. Wakikaa watu thelathini, pamejaa. Msikilizaji wa mbele huwa karibu kiasi cha kusikia risha, kile kijiti cha kupigia, ikigusa uzi kabla ya kuisikia sauti yenyewe, na hapo hakuna mtambo wa kuficha kasoro, wala hakuna mpiga fidla au kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, wa kunibeba mpaka wimbo uishe. Chombo kikiharibika njiani, nusu ya onyesho imeshapotea kabla sijafika.

Nao udi si chombo cha kutupwatupwa. Tumbo lake limeungwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyokunjwa kimoja baada ya kingine, na uso wake una unene wa milimita mbili hivi. Udi wangu una nyuzi 11, jozi tano na uzi mmoja wa besi, na zote zimefungwa kwenye daraja dogo ambalo halikupigiliwa msumari wala skrubu, bali limeshikwa na gundi tupu, huku likivutwa kwa nguvu inayozidi kilo 30. Gundi ya ngozi inayotumiwa na mafundi wengi hulegea kwa joto na unyevu. Ndiyo sababu nilinunua kiti. Sikutaka anasa, nilitaka chombo kikae penye hewa, mbele ya macho yangu.

Kwenye boti ya kutoka Unguja sikuhitaji kueleza lolote kati ya haya. Baharia aliliona begi, akauliza kama ni udi, kisha akalihamisha mwenyewe kutoka upande wa jua na kuliegemeza ndani karibu na kiti changu. Nilifika Dar nikiwa na furaha, nikaimba kwa watu wachache walionisikiliza kwa utulivu mkubwa, na asubuhi ya safari ya Mombasa nikafika stendi ya Mbezi nikiwa na imani kwamba mambo yatakwenda hivyohivyo.

Yalikwenda hivyo mpaka Chalinze. Hapo basi lilisimama, akapanda mzee mmoja, na konda akaja moja kwa moja hadi kwangu.

"Dada, hilo gitaa litashuka kwenye buti. Kuna abiria anakaa hapo."

Nikamwambia kwamba si gitaa, na kwamba kiti kile kimelipiwa, nikampa tiketi aisome. Aliisoma yote, mbele na nyuma, kisha akanirudishia.

"Kiti ni cha mtu. Mbao haina nauli."

"Kaka yangu, nauli yake ndiyo hiyo uliyoishika sasa hivi."

"Usinicheleweshee gari."

Akanyoosha mkono juu yangu, akashika ukanda wa begi na kuuvuta. Nilisimama nikalishika upande wa pili, na kwa kuogopa chombo kisije kikavunjika mikononi mwetu nikaachia. Abiria wengine walianza kunung'unika, wengine wakinitaka nikubali tu ili tuondoke, isipokuwa mama mmoja wa viti vya nyuma aliyepaza sauti: "Mwacheni mtoto wa watu na chombo chake, si amelipa?" Yule mzee aliyepanda, ambaye simlaumu hata kidogo, akasema, "Binti yangu, mimi naweza kukipakata." Konda akamjibu, "Mzee, wewe kaa." Basi, mzee akakaa. Hakuwa na tiketi. Niliona kwa macho yangu akimkabidhi konda noti, naye konda akazikunja na kuzitia kwenye mfuko wa shati, kwa hiyo kiti kile kimoja kililipiwa mara mbili, na aliyekilipia kwanza ndiye aliyenyang'anywa.

Kauli ile kwamba mbao haina nauli imenikaa rohoni kuliko hasara yenyewe. Pwani hii imesafirisha wanamuziki na ala zao tangu zamani. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilianzishwa Unguja mwaka 1905, na mwimbaji Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi. Tangu hapo udi, fidla na ngoma vimekuwa vikipita kati ya Unguja, Tanga, Mombasa na Lamu kwa jahazi, kwa meli na kwa mabasi haya haya. Kampuni inayochuma fedha zake kwenye njia hii haiwezi kudai kwamba ala ya muziki ni kitu kigeni kwake, na mfanyakazi wake hana haki ya kuiita mbao mbele ya mtu anayeitegemea kwa riziki.

Muheza basi lilisimama tena na buti likafunguliwa kupakia machungwa. Niliomba kushuka nikaangalie, konda akaniambia hakuna muda. Nilikaa nikihesabu magunia kwa masikio, kila moja likitua chini yangu kwa kishindo, nikiwa siwezi kufanya lolote.

Nafasi niliipata Horohoro, ambako abiria wote hushuka kwa ajili ya uhamiaji na ukaguzi wa mizigo. Begi lilikuwa limelala kifudifudi, gunia la machungwa limelikalia, na kitambaa chake kilikuwa kimelowa maji ya machungwa yaliyopondeka. Nilipoligusa lilikuwa la moto. Nilifungua zipu palepale kwenye sakafu ya saruji. Daraja lilikuwa limenyanyuka upande wa nyuzi nyembamba, upenyo wake unatosha kupitisha sarafu, na kutoka hapo ufa mwembamba ulikuwa umefuata mshipa wa mbao hadi karibu na tundu la sauti. Nyuzi mbili zilikuwa zimelala juu ya uso kama hazikuwahi kukazwa.

Nikamwita konda aje aone. Alikuja, akainama, akaukwaruza uzi wa besi kwa kidole gumba. Ukatoa sauti.

"Mbona unalia huu? Una matatizo gani?"

Sijawahi kumtukana mtu, na siku ile pia sikumtukana, lakini nilisikia mikono ikinitetemeka. Nililegeza nyuzi zote ili ule ufa usiendelee, nikalifunga begi, nikakataa katakata kulirudisha kwenye buti.

Haki nayo isemwe. Dereva aliyekuwa ameketi mbele tangu Dar, ambaye nadhani hakujua mengi ya yaliyotokea Chalinze, aliposikia kelele alishuka akauliza, kisha bila maneno mengi akalipokea begi na kuliweka nyuma ya kiti chake, penye kivuli. Aliendesha kwa uangalifu njia nzima, hakushindana na mtu, na matuta yote aliyapita taratibu. Tulipofika Likoni, ambako abiria tulivuka kwa miguu na basi likaingia kwenye feri peke yake, alinihakikishia kwamba hataondoka penye begi, na nilipolikuta upande wa pili lilikuwa vilevile. Kwa ajili yake nilianza kulegeza hukumu yangu. Nilijiambia kwamba mwenye begi la nguo tu anaweza kulipanda basi hili bila wasiwasi, na kwamba kosa ni la mtu mmoja, si la kampuni.

Ofisi yao ya Mombasa ndiyo iliyoniondoa katika fikra hiyo. Mhudumu alinikaribisha vizuri, akanipa kiti na maji, akasikiliza, kisha akaigeuza tiketi na kuniwekea kidole kwenye mstari mdogo wa chini: mizigo yote ni kwa dhamana ya abiria. Nikamweleza kwamba mimi sikukabidhi mzigo. Nilinunua kiti, na aliyekigeuza chombo changu kuwa mzigo ni mwajiriwa wao. Akasema konda ni mtu wa Dar na mambo yake humalizwa Dar. Nikapiga simu Dar palepale. Wakasema kwa kuwa nimeshafika Mombasa, nimalizane na Mombasa. Mwishowe akaniahidi punguzo katika safari yangu ijayo, akilisema hilo kwa uso wa mtu anayenifanyia hisani. Nilikuwa nadai nauli ya kiti ambacho sikukitumia na gharama ya fundi, yeye ananikatia bei ya kupanda tena basi lililonivunjia udi!

Fundi niliyeelekezwa Mji wa Kale, ambaye kazi yake hasa ni makabati na milango, aliuchunguza udi kwa kugonga tumbo lake lote kwa ncha ya kidole, akasikiliza, akasema mbavu mbili zimeachana ndani na daraja lazima lingolewe lote, lisafishwe na kugandishwa upya. Alinitaka nimwachie siku kadhaa kwa kuwa gundi haikubali haraka. Onyesho langu lilikuwa kesho yake.

Wenyeji wangu, Mungu awalipe, walinitafutia udi wa kuazima kutoka kwa mzee aliyekuwa akipiga harusini. Ulikuwa chombo kizuri, ila shingo yake ni ndefu kuliko ya wangu, na shingo ya udi haina vizuizi vya kuonyesha pa kubonyeza. Vidole hukumbuka mahali kwa mazoea, na shingo ikirefuka kidogo tu kila sauti imehama. Kwenye bayati, mojawapo ya maqamu za muziki wa Kiarabu, ambayo ina sauti inayokaa katikati ya zile tulizozoea kuzisikia kwenye kinanda, kidole kikikosea kwa upana wa uzi wimbo umeshaharibika. Na hapo palikuwa Mombasa, mji uliomsikiliza Zein l'Abdin akipiga udi kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2016. Wazee waliokaa kwenye mikeka mbele yangu walijua wanachosikiliza. Niliziacha nyimbo nilizokuwa nimezifanyia mazoezi zaidi, nyingine nikaziimba bila ala, watu wakinisaidia kwa makofi. Walinituza kwa ukarimu ambao sitausahau. Lakini walilipa kiingilio kusikia udi ukipigwa na mwenyewe, na hilo hawakulipata. Onyesho la Malindi nililiahirisha kabisa. La Lamu nililifanya kwa chombo kilekile cha kuazima, nikiwa nimeanza kuizoea shingo yake.

Kurudi Dar nililazimika kupanda basi la kampuni hiyohiyo, kwa sababu siku niliyotakiwa kuondoka mengine yalikuwa yamejaa. Nilikata tena tiketi mbili, nikalipa tena, na nilipanda nikiwa tayari kwa ugomvi. Konda wa safari hiyo, kijana mpole, alizisoma tiketi akaniuliza chombo kinapenda kukaa dirishani au ndani. Akakifunga mkanda. Tanga alipopanda mtu na kutaka kuketi, yule kijana akamwambia, "Hapo pana abiria," akamwelekeza nyuma. Nilikaribia kulia.

Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba watu wote wa kampuni hii hawana adabu, maana wawili niliokutana nao wangefaa kuwafundisha kazi wengine. Kwa muda nilifikiri hata kuufuta waraka wa malalamiko. Kisha nikamkumbuka yule konda wa kwanza na kidole gumba chake juu ya uzi, na jinsi ofisi mbili zilivyonirushiana, nikaona kwamba kijana yule alifanya kwa hiari yake jambo ambalo kampuni ilishalipokea fedha zake. Mwanamuziki mwenzangu atakayesafiri njia hii na amtake wakala aandike kwenye tiketi kwamba kiti ni cha chombo, agonge na mhuri, na jina la konda liandikwe kabla basi halijatoka stendi; akikataliwa, atafute basi jingine, hata likichelewa. Dereva wa kwenda na konda wa kurudi nawapa nyota tano kila mmoja. Kampuni naipa moja, na hiyo moja nitaiondoa iwapo nauli ya kile kiti cha dirishani itaendelea kubaki mikononi mwao.