Jessye Norman katika Nyimbo za Kijerumani: Santuri Mbili za Kuanzia

Tangu mwimbaji wa opera Jessye Norman afariki dunia mjini New York tarehe 30 Septemba 2019, nimekuwa nikizirudia rekodi zake, ambazo kwa sisi wa Tanga ndizo zilizokuwa njia yetu ya kumsikia hata alipokuwa hai. Alizaliwa Augusta, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, mwaka 1945. Mwaka 1968 alishinda mashindano ya kimataifa ya muziki mjini Munich, na mwaka uliofuata akapanda jukwaa la opera la Berlin. Nyimbo za Kijerumani, yaani mashairi ya washairi wakubwa yaliyotiwa mahadhi kwa sauti moja na piano, au wakati mwingine okestra, aliziimba kama mtu aliyeishi ndani ya lugha hiyo.

Santuri ya kwanza ninayoipendekeza ni ile ya nyimbo nne za mwisho za Richard Strauss, iliyorekodiwa mwaka 1982 pamoja na okestra ya Gewandhaus ya Leipzig chini ya uongozi wa Kurt Masur na kutolewa na kampuni ya Philips. Strauss alizitunga mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 84, akafariki mwaka uliofuata kabla hazijaimbwa mbele ya hadhira. Tatu ni mashairi ya Hermann Hesse na moja ni la Joseph von Eichendorff. Katika wimbo wa tatu, unaozungumzia kwenda kulala, sauti hunyamaza baada ya beti mbili ili fidla ichukue mahadhi peke yake, na Norman anaporudi na ubeti wa mwisho huingia polepole mno, kisha hupanda bila kuonyesha popote alipovuta pumzi. Wimbo wa nne, ambamo wazee wawili walioshikana mikono hutazama jua likizama na kujiuliza kama huko ndiko kufa, waimbaji wengi huumaliza kwa dakika saba au nane hivi. Yeye na Masur hukaribia dakika kumi. Wapo wanaolalamika kwamba mwendo huo umepitiliza. Mimi naona ndio unaolipa swali lile uzito wake, kwa kuwa mwimbaji hafiki kwenye neno la kifo mpaka msikilizaji naye amechoka pamoja na wale wazee, na filimbi zinazoiga ndege wawili angani husikika baadaye kwa nafasi ya kutosha.

Rekodi hiyo isisikilizwe kwa spika ya simu. Sehemu zake za chini ni za chini kweli, na feni ya dari pamoja na bodaboda za barabarani hapa Ngamiani huzimeza kabisa, ilhali sauti inapopanda spika ndogo hukwaruza. Vipokea sauti vya kichwani vya wastani vinatosha, na saa za usiku ndizo bora.

Santuri ya pili ni ya nyimbo za Franz Schubert, akiwa na mpiga piano Phillip Moll, nayo ni ya miaka hiyohiyo ya themanini. Humo umo wimbo wa shairi la Goethe, mshairi wa Kijerumani, ambao Schubert aliutunga mwaka 1815, akiwa kijana wa miaka 18, kuhusu baba anayekimbiza farasi usiku akiwa amempakata mtoto anayedai kwamba anaitwa na jini. Baba anakana kila mara. Ni ukungu tu, ni majani makavu tu. (Kwetu pwani baba angeshamsomea mtoto dua mapema zaidi.) Mwimbaji mmoja analazimika kuwa msimulizi, baba, mtoto na jini, huku mkono wa kulia wa mpiga piano ukigonga kwato za farasi karibu bila kupumzika. Norman humpa jini sauti tamu, ya kubembeleza, na hilo linatisha kuliko ukali ambao wengine humpa.

Katika nyimbo nyepesi za Schubert, hata hivyo, sauti yake ni kubwa kupita kiasi, na mahali panapotaka wepesi wa msichana yeye husikika kama malkia. Anayetaka wepesi huo amtafute mwimbaji wa Uholanzi, Elly Ameling.

Aliyelelewa na taarabu ya Black Star na Lucky Star, aliyezoea kukaa chini na kusubiri ubeti umalizike ndipo atoe hukumu, hatapata taabu na mwendo wa muziki huu; taabu itakuwa kwenye maneno. Tafsiri ya Kiingereza hupatikana kwa urahisi mtandaoni, na ni vyema kuisoma yote kabla ya kusikiliza, si wakati wa kusikiliza. Kwa mgeni kabisa ningeshauri aanze na wimbo wa jini, unaochukua takribani dakika nne na kusimulia kisa kamili, ndipo ahamie kwa Strauss.