DT-830D: mita ya bei chee kwa kompyuta mpakato iliyochoka

Kwa anayejitengenezea kompyuta zake hapa Tanga, multimita hii (kipima umeme) inatosha. Hakikisha imeandikwa D. Ile ya B inafanana nayo lakini hailii ncha zikigusa waya mzima usiokatika, na mlio huo ndio ninaoutumia sana.

Kompyuta ikigoma kuwaka, naanza na chaja. Nyingi hutoa volti 19 au 19.5, kwa hiyo nazungusha swichi hadi DCV 20 (volti za DC, hadi 20), ncha nyekundu ndani ya plagi, nyeusi ubavuni nje. Chaja ya volti 20 huleta "1" peke yake kwenye kioo. Haijafa, ila kipimo kimezidiwa. Panda hadi 200. Plagi za Dell zenye kipini chembamba katikati zinataka mkono mtulivu: kipini ni cha kuitambulisha chaja kwa kompyuta, na ukikigusanisha na ukuta wa ndani wenye umeme unaweza kukiua. Kikifa, kompyuta inawaka lakini betri haichaji.

Volti nzuri bila mzigo, yaani bila kitu kinachovuta umeme, bado hazithibitishi kitu. Chaja iliyochakaa kapasita (vihifadhi umeme vya ndani) husoma 19.5 vizuri kabisa, kisha huanguka kompyuta ikianza kuvuta. Mimi huifungia taa ya lori, volti 24 wati 21 (maduka ya spea Ngamiani wanazo), ambayo huvuta karibu ampea 0.8. Volti zikishuka chini ya 18 au zikicheza, tupa chaja.

Soketi ya chaja napima kwa mlio, umeme na betri vikiwa vimetolewa: ncha moja kwenye soketi, nyingine mwisho wa waya wake, huku naitikisa. Mlio ukikatika, risasi ya kulehemu imepasuka au waya umekatika. Huku pwani chumvi huacha ukungu wa kijani kwenye viungo, hivyo nasugua kwanza kwa brashi laini na spiriti ya isopropili.

CR2032, betri ndogo ya kifungo ya saa ya kompyuta, ikisoma volti 2.7 kushuka, badilisha. Betri kubwa usiipime hivi; nyingi husoma sifuri zikiwa nje ya kompyuta. Tumia amri ya powercfg /batteryreport kwenye Windows, ulinganishe uwezo wa kiwandani na wa sasa.

Kasoro: tundu la mita la kupimia ampea hadi 10 (10A) halina fyuzi. Ukisahau ncha humo ukapima volti, umeipiga chaja shoti. Waya zake pia hukatikia kwenye mshikio. Na betri ya volti 9 ikichoka, mita husoma juu ya ukweli: chaja ya 19 ikionyesha 22 kwenye kipimo cha 200, badilisha betri ya mita kwanza.